Majani Mawili ya Tangi la Saloni

Mwezi uliopita mwenye hoteli ndogo ya huku kwetu Kalundu, kwenye bandari ya Uvira, mama mmoja mcheshi niliyesoma naye, alinipigia simu niende nimsaidie jambo. Alikuwa amenunua tangi la kioo la kufugia samaki, akaliweka pale wageni wanapopokelewa, na sasa alitaka lipandwe majani. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya mabeseni mawili yaliyojaa majani ya ziwani, anayaangalia kama mtu aliyeletewa watoto mapacha akaambiwa ataje nani ni nani.

"Unichagulie, ndugu yangu," alisema. "Minye naona zote njo moja."

Kwa macho hakukosea kuyaona kitu kimoja. Yote mawili yana shina refu, jembamba, na vijani vyembamba vinavyolizunguka shina kutoka chini hadi juu, na kijani chake ni kile kile. Watu wa Uvira tumekua nayo yakitunasa miguuni tunapooga, na ukimwuliza mtu atakwambia ni majani tu, basi. Nikafumba macho. Nikaingiza mkono katika beseni la kwanza, kisha katika la pili, nikamwonyesha la kupanda na la kutupa. Hapo ndipo nilipofanya kosa la kunusa vidole. Ile harufu ya matope baridi na tango bichi ilinipanda kichwani, nikaketi sakafuni palepale, mtu mzima na heshima zangu, nikalia. Rafiki yangu akadhani nimeumwa na kitu ndani ya beseni. Akakimbilia ndimu.

Ulikuwa haujapita muda mrefu tangu tumzike mama yangu.

Baba yangu alikuwa mtu wa samaki, lakini si samaki wa kula. Alizamia kwenye mawe upande wa kusini, akakamata samaki wadogo wenye rangi, wa buluu, wa njano, wenye mistari, akawaweka hai ndani ya mabasa, yale mabirika ya saruji, nyuma ya nyumba. Wanunuzi walitoka Bujumbura, wakawachukua kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, na samaki wale wakaenda mbali kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu. Majirani walimwona baba kama mwenda wazimu wa taratibu. Mtu mzima anamshika samaki halafu hamli!

Mbele, saloni, chumba cha kupokelea wageni, ndipo lilipokuwa tangi la kuonyesha. Samaki aliyekaa kwenye tangi tupu anaishi kwa hofu na rangi inamfifia. Ukimpa majani ya kujifichia anajisahau, rangi inarudi. Wanunuzi waliingia saloni kwanza, wakatazama, wakachagua. Kwa hiyo majani yale hayakuwa pambo. Majani yakiharibika, samaki wanakuwa wa kijivu, na mnunuzi anakunywa maji yake na kusema atapita siku nyingine.

Mwenye mkono wa majani alikuwa mama. Jambo hilo lilimshangaza kila mtu, kwa sababu mama alizaliwa Luberizi, kwenye mashamba ya mpunga, na kabla ya kuolewa alikuwa akiliona ziwa kwa mbali tu. Lakini aliyejua kupandikiza mpunga alijua kila kitu. Alishika kitawi kwa kidole gumba na vidole viwili, akakizamisha mchangani, akakirudisha juu kidogo kukiwekea nafasi ya kupumua, akaenda kwa kingine. Alifanya hivyo akiongea na mtu mlangoni, bila kuangalia. Baba yeye alipanda kama anayepigilia msumari, na majani yake yalikuwa yanaelea kabla hajapangusa mkono.

Mimi mama alinifundisha nikiwa bado nasimama juu ya kigoda ili nifike. Alinifumba macho kwa kiganja chake, akaniwekea kitawi mkononi.

"Hii?"

"Laini."

"Na hii?"

"Inakwaruza."

"Vizuri. Hii laini iko na mizizi. Ona hapa kwenye vifundo, utaiona nyeupe. Itashika. Hii ya kukwaruza haina mizizi, haikujuaka mizizi tangu Mungu aiumbe. Ukiipanda itakaa siku kidogo kwa adabu tu, kisha itaoza chini, ipande juu. Hii ni ya kuelea. Usiilaumu, ila usiipande."

Nilipenda sana kufumbwa macho. Nilikuwa najikosesha makusudi ili turudie.

Kisha cherehani ya mama ikauzwa. Baba aliiuza mama akiwa kwenye mkutano wa wanawake wa kanisa, akanunua jenereta ya kuwapulizia samaki hewa, kwa sababu umeme ulikuwa unakuja unapotaka wenyewe. Mama aliporudi alikuta alama za miguu ya cherehani kwenye saruji, na mahali pale penye rangi safi ambapo hapajawahi kupigwa ufagio. Hakupiga kelele. Ningemshukuru kama angepiga. Alipika, tukala, na kesho yake alifunga kitenge kipya, akaenda kwao Luberizi. Mimi niliachwa kwa sababu ya shule, na kwa sababu mtoto ni wa ukoo wa baba. Hakuna aliyenieleza kitu. Nikajieleza mwenyewe kwamba mama ameenda kutafuta cherehani nyingine, na akiipata atarudi.

Leo najua jinsi mambo yalivyokuwa, maana yako hivyo hadi sasa. Kwetu mke aliyerudi kwao kwa hasira anafuatwa. Mume anaenda na wazee wake, na mbuzi, na kreti za vinywaji, na anasema kosa lake kwa mdomo wake mbele ya mashemeji zake. Mke mwenyewe hawezi kujirudia. Akijirudia bila kufuatwa, neno lake ndani ya nyumba limekwisha, na kaka zake hawatakuwa na uso wa kumtetea siku nyingine. Baba hakukana kosa. Alichokataa ni ile hadhara.

"Nitaongea na yeye," alimwambia shangazi. "Na yeye mwenyewe. Haiko na kaka zake."

"Basi ongea na samaki," shangazi alimjibu. Shangazi Esperansi, dada yake mkubwa, alikuwa amekuja kunilea, na alikuwa na ulimi ambao hata baba alikuwa anaukimbia hadi majini.

Mwezi haukuisha, majani ya tangi yakaharibika. Baba alipanda, yakaelea. Akapanda tena, yakaelea tena. Mnunuzi mmoja alikuja akanywa maji yake. Kesho yake asubuhi baba alienda barabarani kumngojea shofere mmoja wa lori la Bukavu, ambaye alikuwa anapita Luberizi na kupumzika pale. Nilikuwa nimemfuata, nilimsikia.

"Umwambie Mama Riziki majani imepanda juu. Wanunuzi banakuya. Umwambie ni kazi."

Riziki ni mimi. Wao wawili hawakuwahi kuitana kwa majina yao mbele yangu. Walikuwa Baba Riziki na Mama Riziki, na nilijiona mtu wa maana sana kwa kuwa bila jina langu wasingeweza kuitana.

Mama alikuja Jumamosi. Kazi ni kazi, na hakuna shemeji wala jirani ambaye angeweza kusema amejirudia, kwa sababu alikuja na ndoo yake mwenyewe kama fundi. Alikuwa amepitia nyuma ya bandari, mahali maji yametulia, akayachuma majani mwenyewe. Alifika kitenge kimelowa magotini. Aliketi kwenye baraza kama mgeni wa kawaida, akapokea maji ya kunywa, akakataa chakula cha nyumba ile. Aliingia saloni peku kwa ajili ya tangi tu, na humo hakuketi. Viti vilikuwa vinne, vyenye vitambaa alivyovishona yeye, na alivipita kama vya jirani.

Jumamosi zile! Baba alioga mapema na kuvaa shati la ibada, halafu akajifanya amelivaa kwa bahati mbaya. Alisimama kando ya tangi na ndoo, akimpa mama kitawi kimoja kimoja.

"Hii iko mufupi," mama alisema.

"Chukua hii."

"Hii nayo imepinda."

"Ngoja. Iko ingine chini."

Kazi ambayo mama aliimaliza zamani kabla sufuria haijachemka sasa ilikula mchana wote. Nilidhani wamezeeka. Walizungumza juu ya mchanga, juu ya mwanga wa dirisha, juu ya samaki mmoja mwenye nundu kwenye paji la uso aliyependa kuchimba. Mara moja baba alisema kitu kwa sauti ya chini, mama akacheka, kisha akafunga mdomo kama mtu aliyecheka kanisani. Baada ya hapo alinipeleka barazani, akanifumua nywele na kunisuka upya, vidole vyake vikinuka ziwa, hadi gari la kuelekea bondeni, kwao Luberizi, lilipopiga honi. Nilikuwa nalala na ile harufu kichwani. Shangazi alipotaka kuniosha nywele nilikuwa nakimbia.

Baada ya muda mfupi majani yalielea tena. Baba akaenda barabarani, shofere akapeleka neno, mama akaja. Ikawa hivyo, na mvua ikapita, na kiangazi kikaingia. Mimi niliona ni maisha mazuri tu, hadi Jumamosi moja nilipotumwa kumwaga maji ya ndoo. Kilikuwa kimebaki kitawi kimoja ndani. Nilifumba macho kwa mchezo, nikakipitisha katikati ya vidole.

Kilikwaruza.

Nikadhani ni kimoja kimepotea njia. Safari iliyofuata nilichungulia ndoo kabla haijaingia ndani, nikashika hiki, nikashika kile. Vyote vilikwaruza. Mama yangu, aliyenifundisha mimi, alikuwa amechuma ndoo nzima ya majani yasiyo na mizizi, na sasa anayapandikiza moja moja kwa uangalifu mkubwa, na baba anampa.

Nitasema nilivyohisi: nilimhurumia sana. Niliona amesahau. Niliona Luberizi imemla akili, kwamba mpunga mwingi umezidi majani machache kichwani mwake, kama vile mtu anayekaa sana Bujumbura anavyorudi akisema Kirundi badala ya lugha yake. Na aibu niliyoiogopa ni baba kugundua. Kwa hesabu zangu baba alijua samaki tu. Majani kwake yalikuwa majani. Kwa hiyo kila mama alipomaliza kupanda, niliwahi kuvikusanya vitawi vilivyobaki na kuvirusha nyuma ya ua, ili baba asije akavishika na kujua kwamba mkewe siku hizi hajui.

Kisha nikapata wazo, na wazo lile lilikuwa zuri sana. Mtoto ana hesabu zake, na zangu zilikwenda hivi: nikipanda majani yenye mizizi yatashika, yakishika, samaki watang'aa, samaki waking'aa wanunuzi watanunua, wakinunua, baba atanunua cherehani, cherehani ikiwepo, mama hana tena cha kutafuta, atarudi nyumbani. Nilizipitia hesabu zile mara nyingi darasani wakati mwalimu anaeleza nyingine, na sikuona kosa popote.

Siku ya kufua nilimfuata shangazi nyuma ya bandari. Yeye alifua juu ya mawe, mimi nikaingia hadi kiunoni. Yale majani mawili yanaota pamoja, yamesokotana, na ukitumia macho utachuma yote. Nilifumba macho. Nilichuma kwa vidole, cha kukwaruza naachia, cha laini nabaki nacho, na kila kimoja nikakipapasa chini nihakikishe vile vinyuzi vyeupe. Shangazi aliniuliza kwa nini ninaoga nikiwa nimefumba macho kama kuku mgonjwa. Nikamwambia ninasali. Aliridhika.

Nilipanda baba akiwa ameenda kuzamia. Kidole gumba na vidole viwili, zamisha, rudisha juu kidogo. Alipoingia jioni alisimama mbele ya tangi bila kuvua kofia.

"Nani alipanda?"

"Minye, Papa."

Aliingiza mkono, akagusa jani moja, akaendelea kuligusa. Nilijua ataniuliza nilikotoa ujuzi, na nilikuwa nimejiandaa kusema uongo ili kumlinda mama. Hakuuliza.

"Umepanda muzuri," alisema, akaenda kuketi kwenye baraza na giza lake la jioni.

Majani yalishika. Mizizi ilionekana kwenye kioo, myeupe, ikishuka mchangani. Vichwa vilipanda hadi vikagusa uso wa maji, nikavikata na kuvipanda tena, navyo vikashika. Samaki walipata rangi ambayo hata shangazi aliisifu. Wanunuzi walikuja wawili kwa siku moja. Nilikuwa nazunguka nyumba yetu kama mkuu wa gereji ambaye magari yote yamewaka.

Ila mama hakuja. Jumamosi ikapita, nyingine ikapita. Sikuwa na wasiwasi, kwa sababu hesabu zilikuwa zinaendelea. Lakini kichwa changu kilikuwa kimebaki na nywele za zamani, zimefumuka, na mto wangu ulikuwa unanuka sabuni tu.

"Mama atakuya lini?" nilimwuliza baba.

"Majani ikipanda juu."

"Haitapanda tena!" nilimwambia kwa furaha.

Akanitazama, akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha mtu aliyekanyagwa kidole na mgeni wa heshima.

Asubuhi moja ya likizo niliamka nikakuta majani yote yanaelea. Yote. Mizizi yake ilikuwa imening'inia, ina chembe za mchanga, na maji yalikuwa ya tope. Baba alikuwa ameshatoka, ameenda barabarani. Mshtakiwa sikuhitaji kumtafuta: yule samaki mwenye nundu, mchimbaji, alikuwa amejificha nyuma ya jiwe na sura ya mtu asiyejua lolote. Nilimpa maneno ambayo shangazi alikuwa anampa baba. Kisha nikavuta kigoda, nikapanda upya, kitawi hadi kitawi, mikono imelowa hadi kwapani, na maji yalipotulia tangi lilikuwa kama jana.

Baba aliporudi alinikuta naminya nguo.

"Umerudisha yote?"

"Yote, Papa. Ni huyu mwenye kichwa. Nimemwambia."

Baba aligeuka akatoka mbio kuelekea barabarani. Baada ya muda alirudi akitembea pole pole. Nikadhani alikuwa amesahau kununua mkate, na kwamba mkate umekwisha.

Jumamosi ile mama alikuja. Sikuwa namtazamia, ndoo yake ikagonga lango nikaruka. Kitenge kilikuwa kimelowa magotini kama kawaida. Alivua viatu, akaingia saloni, akafika mbele ya tangi, akasimama. Majani yalikuwa yamejaa hadi juu, samaki wanapita katikati yake wamejaa rangi. Aliweka ndoo chini. Aliingiza mkono, akashika shina moja, akalivuta kidogo. Halikutoka. Akavuta jingine, nalo likabaki.

"Shofere alisema majani imepanda juu," alisema bila kugeuka.

Baba alikuwa amesimama karibu na mlango, na shati la ibada.

"Ilipanda!" nilijibu mimi. "Samaki huyu aliing'oa yote, njo minye nikairudisha. Ni ile laini, Mama. Iko na mizizi."

"Nani alikufundisha?"

"Weye! Ulinifumba macho, unakumbuka?" Na kwa kuwa niliona macho yake yamejaa maji, na nilijua ni aibu ya kusahau, nilimshika mkono wenye majimaji na kumwambia kwa upole wangu wote: "Haiko neno, Mama. Weye ukisahau, minye nitakukumbusha."

Mama alicheka na kulia pamoja. Alinivuta kichwa akakibana kwenye tumbo lake. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya tangu siku ya cherehani: alivuta kiti kimojawapo, akaketi. Aliketi vizuri, mgongo umeegemea, mikono juu ya magoti. Nilidhani amechoka na safari. Nikakaa chini miguuni pake, nikaegemea mguu wake, na tukatazama tangi wote watatu. Baba alisogea kutoka mlangoni hadi katikati ya chumba. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akatazama maji. Mama naye alikuwa anamtazama yeye. Hakuna aliyesema kitu, na mimi sikuona upungufu wowote katika kimya kile. Samaki mwenye nundu alitoka nyuma ya jiwe akatupitia mbele, nikamwonyesha ngumi, na wote wawili wakacheka.

Mwisho baba alikohoa.

"Sasa inashika," alisema.

Mama aliendelea kumtazama kidogo.

"Ndiyo, Baba Riziki. Inashika." Akainuka, akakirudisha kiti mahali pake. "Basi kazi imeisha."

Alinisuka barazani siku ile, taratibu, misuko midogo ya kudumu. Gari likapiga honi. Hakuja tena kwa kazi ya majani.

Sitaki msomaji adhani nilikosa mama. Nilikwenda Luberizi kila likizo. Alikuwa na shamba lake, na baadaye kaka yake alimnunulia cherehani, na mimi nilipoiona nikakaa nikingoja arudi Kalundu nayo. Nilingoja hadi nikawa mkubwa wa kuacha kungoja. Baba hakuoa tena. Mama hakuolewa tena. Watu waliwauliza, na kila mmoja alijibu kwamba mwenzake hajasema kitu.

Mama alipofariki, baba alikuja kwenye kilio. Amezeeka, anatembelea fimbo, na masikio yamechoka kwa sababu ya miaka ya kuzamia. Alasiri ya mwisho, watu wakiwa wanakunja maturubai, tulikuwa tumeketi sisi wawili nyuma ya nyumba ya mjomba. Ili kumchangamsha nilimsimulia habari za majani, jinsi nilivyokuwa navirusha vile vitawi nyuma ya ua ili asigundue kwamba mama amesahau.

Baba aligeuza sikio lake zuri.

"Nani alisahau?"

"Mama. Alikuwa analeta ile ya kukwaruza."

"Mama yako?" Alinitazama kama anayemwona mtoto wake kwa mara ya kwanza na hajaridhika. "Mama yako angeichagua hata usingizini. Alileta ile kwa sababu haishikaka. Angekuya namna gani, kama ingeshika?"

"Na weye ulijua?"

"Minye njo nilikuwa namupa moja-moja mu mukono. Nisijue?"

Mahali fulani upande wa pili wa nyumba mtu alikuwa anasugua masufuria.

"Na ile asubuhi," nilimwuliza, ingawa nilikuwa nimeshajua. "Samaki mwenye nundu."

"Samaki hana kosa. Ni minye niliing'oa. Nikaenda kumutuma shofere. Niliporudi, ulikuwa umerudisha yote."

"Lakini alikuja, Papa! Alikuja, akakuta imeshika, akajua kwamba umemwita bure, umemwita kwa sababu yako mwenyewe. Akaketi kwenye kiti. Kwa nini haukusema?"

"Nilimuona anakaa," baba alisema. Alipapasa kichwa cha fimbo yake. "Minye nilikuwa nayo yote mu kinywa. Lakini mambo ya vile haisemwaka mbele ya mtoto. Nilikuwa nangojea utoke inje. Na yeye alikuwa anangojea utoke. Haukutoka."

Sikutoka. Nilikuwa nimekaa chini katikati yao, mgongo kwenye mguu wa mama, baba amesimama karibu kiasi kwamba ningeweza kushika suruali yake, na katika utoto wangu wote sikumbuki alasiri nyingine niliyokuwa na furaha kama ile.